Msiisingizie Kreatinini

Katika mikutano ya madaktari wa figo na semina za wauza vifaa vya maabara, kuna kauli ambayo siku hizi inapita bila kuulizwa. Inasema kwamba wagonjwa wenye jeraha la ghafla la figo wanatufia kwa sababu kreatinini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, huchelewa kutoa taarifa, na kwamba tukipata bayomaka mpya, yaani viashiria vya damu au mkojo, za kuliwahi jeraha hilo tutawaokoa. Watetezi wake ni watu wenye elimu na nia njema, ndiyo maana inahitaji kujibiwa kwa kirefu.

Malalamiko yao dhidi ya kreatinini ni ya kweli. Kemia ya kipimo hicho, ya kuchanganya sampuli na asidi ya pikriki hadi ipate rangi ya chungwa, ilielezwa na Mjerumani Max Jaffe mwaka 1886, na maabara nyingi zinaitumia hadi leo. Kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo mzee aliyekonda au mtoto mwenye utapiamlo anaweza kuwa na namba nzuri huku figo zake ziko taabani. Mgonjwa aliyejazwa dripu damu yake huzimuliwa na namba ikashuka kwa uongo. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kuchuja kabla kreatinini haijavuka mpaka wa kawaida. Na jeraha likitokea leo, namba hupanda kesho au keshokutwa.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni hitimisho. Katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, na kwa sehemu kubwa hata katika hospitali za nchi tajiri, mgonjwa wa figo hafi kwa sababu kipimo kilichelewa siku moja. Anakufa kwa sababu hakupimwa, au alipimwa na jibu likalala ndani ya faili, au lilisomwa na hakuna aliyebadilisha chochote. Bayomaka haigusi hata moja kati ya hayo.

Tuanze na chimbuko la matumaini yenyewe. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kutoka Cincinnati, Marekani, juu ya watoto 71 waliofanyiwa upasuaji wa moyo kwa msaada wa mashine ya kuzungusha damu. Watoto 20 kati yao walipata jeraha la figo. Protini iitwayo NGAL ilipanda katika mkojo wao saa mbili tu baada ya upasuaji, ilhali kreatinini ilichukua siku moja hadi tatu. Uwezo wa NGAL kuwatenganisha watakaoumwa na wasioumwa ulikaribia ukamilifu. Tangu hapo wengi wakaanza kuiita troponini ya figo, wakiilinganisha na kile kipimo kilichobadilisha tiba ya mshtuko wa moyo.

Lakini hebu tuwatazame watoto wale. Saa ya jeraha ilijulikana, kwa sababu jeraha lilisababishwa na mashine iliyowashwa na kuzimwa mbele ya watu. Mkojo ulichukuliwa kwa ratiba na maabara ilikuwa inasubiri. Sasa mweke kando yao mgonjwa wa kwetu: kijana aliyeumwa malaria siku tano nyumbani, akanunua diklofenaki dukani, akanywa dawa ya mitishamba aliyoletewa na shangazi, akaharisha siku mbili, kisha ndugu wakakodi bodaboda kumleta. Jeraha lake lilianza lini? Hakuna ajuaye. Fahari yote ya NGAL ni kuitangulia kreatinini kwa siku moja au mbili, na huyu ameingia getini na kreatinini yake tayari iko juu. Hapana cha kutanguliwa.

Tena ana malaria, pengine na bakteria katika damu. NGAL hutengenezwa pia na chembe nyeupe za damu, na maambukizi makali huipandisha hata kama figo hazijaguswa. Katika wodi ambamo karibu kila kitanda kina homa, kipimo kinachopandishwa na homa kina kazi ngumu ya kujieleza. Na hata pasipo maambukizi, ule ukamilifu wa Cincinnati haukudumu. Mwaka 2011 utafiti mkubwa uitwao TRIBE-AKI uliwafuatilia watu wazima 1,219 baada ya upasuaji wa moyo. Kwa kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha shilingi na 1 ni kutokosea kabisa, NGAL ya mkojo ilipata takriban 0.67. Watu wazima wana kisukari, shinikizo la damu na figo zilizochakaa, na hao ndio wanaojaza wodi zetu.

Mtetezi atasema hayo ni mapungufu ya bayomaka moja, kesho itakuja bora zaidi. Haya, tuseme imekuja. Tuseme tuna kipimo kisichokosea, kinachotoa jibu kwa dakika kumi. Swali linalofuata ndilo kauli hii hulikwepa: ukishajua mapema, unafanya nini?

Waingereza na Waswahili wote wanajua kuwahi ni bora kuliko kuchelewa, na watetezi wa bayomaka hupenda kutukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni ya kweli, ila inazungumzia kuziba. Kuuona ufa kwa miwani ya bei kubwa, bila udongo wala fundi, hakujazuia ukuta wowote kuanguka. Troponini ilibadilisha tiba ya moyo kwa sababu nyuma yake zilikuwapo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda na wataalamu wa kuzibua mishipa. Nyuma ya bayomaka za figo hakuna dawa hata moja iliyothibitishwa kuponya jeraha la ghafla.

Na si kwamba hazikutafutwa. Huko New Zealand watafiti wa jaribio la EARLYARF, lililochapishwa mwaka 2010, walifanya hasa kile tunachohubiriwa: waliwapima wagonjwa mahututi mkojo kwa vimeng'enya vinavyoashiria jeraha changa, na wale 162 waliogawanywa katika makundi wakapewa ama erithropoitini mapema ama dawa bandia. Erithropoitini haikuwasaidia. Mwaka 2020 likaja jaribio la STARRT-AKI, lenye wagonjwa zaidi ya 2,900 katika nchi 15, kuuliza kama kuharakisha dayalisisi kunaokoa maisha. Vifo baada ya siku 90 vilikuwa karibu asilimia 44 kwa walioharakishwa na kwa waliosubiri. Tofauti iliyoonekana ni kwamba miongoni mwa walionusurika, walioharakishwa walibaki wakitegemea mashine kwa wingi zaidi.

Kuna ushahidi mwingine unaoniuma zaidi, kwa sababu haumhusu mgonjwa bali daktari. Watafiti wa Yale waliweka tahadhari ya kompyuta katika hospitali sita za Marekani. Kreatinini ya mgonjwa ikipanda, daktari anaonywa papo hapo kwenye skrini. Wagonjwa 6,030 waligawanywa, nusu madaktari wao wakaonywa, nusu wasionywe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: tahadhari haikupunguza kuongezeka kwa jeraha, wala dayalisisi, wala vifo. Katika hospitali mbili zisizo za kufundishia, vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa walioonywa. Haya yametokea mahali ambapo maabara hailali na dawa hazikosekani. Taarifa iliwahi, ikamkuta daktari hana agizo wala mpango unaoambatana nayo.

Hofu yangu kwa upande wetu ni kwamba daktari aliyeonywa hatakaa kimya. Atafanya kitu, na kitu kilicho karibu ni dripu. Hapa tunayo historia yetu wenyewe. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, katika hospitali kama Kilifi, Soroti na Muheza, liliwachukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Wengine walimiminiwa maji ya mishipa kwa haraka kama vitabu vya nchi tajiri vilivyofundisha, wengine hawakumiminiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2011: ndani ya saa 48 walikufa takriban asilimia 10.5 ya waliomiminiwa na asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa. Somo la FEAST ni kwamba kuwahi kutenda pasipo kujua kitendo sahihi kunaweza kuua. Bayomaka inayopiga kelele "figo!" katika chumba ambacho jibu pekee ni kufungua dripu, si neema.

Sasa nije kwenye silaha yao kali, maana nisingekuwa mkweli kuificha. Mwaka 2017 jaribio la PrevAKI, huko Münster, Ujerumani, liliwapima wagonjwa baada ya upasuaji wa moyo kwa bayomaka mbili za mkojo, TIMP-2 na IGFBP7. Wagonjwa 276 ambao vipimo vyao vilikuwa juu waligawanywa: kundi moja lilipata matunzo ya kawaida, jingine likapata kifurushi maalumu cha kulinda figo. Jeraha la figo lilipatikana kwa asilimia 71.7 ya kundi la kwanza na asilimia 55.1 ya kundi la pili. Hayo ni mafanikio, na sitaki kuyabeza.

Ila tufungue kifurushi tuone kilichomo. Kusimamia shinikizo la damu na maji ya mwili kwa uangalifu. Kusitisha kwa muda dawa za presha zinazobana uchujaji wa figo. Kuepuka dawa zenye sumu kwa figo. Kudhibiti sukari. Hakuna kipya humo. Yote yamo katika mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012, na hakuna hata jambo moja linalosubiri ruhusa ya bayomaka. PrevAKI imethibitisha kwamba matunzo mema hulinda figo. Haikuthibitisha kwamba bila kipimo kipya matunzo mema hayawezekani. Mwaka 2020 taasisi ya NICE ya Uingereza ilipitia NGAL na hizo TIMP-2 na IGFBP7 kwa ajili ya wagonjwa mahututi, ikaamua kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza zitumike kwa kawaida. Kama Uingereza, yenye uwezo wa kununua, imesita, sisi tunakimbilia wapi?

Waingereza hao walishajichunguza kabla. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 2009 juu ya watu waliokufa wakiwa na jeraha la ghafla la figo ilikuta kwamba takriban nusu tu walipata matunzo mazuri. Mapungufu yaliyoorodheshwa yalikuwa ya msingi kabisa: vipimo vya kawaida vilivyorukwa, hatari zisizotathminiwa, dalili zilizopuuzwa.

Basi twende wodini tuone kuchelewa kunafananaje. Chukua fomu ya maji yanayoingia na kutoka, inayoning'inia miguuni pa kitanda. Safu ya yanayoingia imejazwa vizuri: chupa ya kwanza, ya pili, saa na sahihi. Safu ya yanayotoka, pale panapotakiwa mililita, imeandikwa "amekojoa". Zamu inayofuata imeandikwa "amekojoa" tena. Mfuko wa mkojo ulimwagwa saa kumi na mbili asubuhi na mhudumu wa usafi kwa sababu ulikuwa umejaa, na hakuna aliyekumbuka ulikuwa na kiasi gani. Mwongozo wa KDIGO unasema mtu anayetoa chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa saa sita mfululizo, tayari ana jeraha la figo hata kama kreatinini bado haijasema. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni mililita 30 kwa saa, yaani 180 kwa saa sita, pungufu ya chupa ndogo ya soda. Kwa mtoto wa kilo kumi ni mililita 30 katika saa hizo hizo sita, na nepi ikipimwa kwenye mizani inatosha kukuambia. Hicho ndicho kiashiria cha mapema tulicho nacho, na tunakimwaga chooni kila asubuhi.

Kreatinini nayo tunaionea. Ufafanuzi wa jeraha la ghafla unataka namba mbili: ipande kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au ifike mara moja na nusu ya ilivyokuwa ndani ya siku saba. Kwetu mgonjwa hupimwa siku ya kulazwa, basi. Hatukuiuliza mara ya pili, halafu tunaituhumu kuchelewa. Shirika la Afya Duniani liliiweka kreatinini katika orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu mwaka 2018, pamoja na vijiti vya kupimia mkojo. Bado kuna hospitali ambako vitendanishi vyake huisha kabla ya mwezi, na ndugu huelekezwa maabara ya nje.

Najua watakaosema wauguzi ni wachache na kupima mkojo kila saa ni ndoto. Jibu langu liko katika jengo la jirani, wodi ya wazazi. Mama mwenye kifafa cha mimba anapopewa salfeti ya magnesia, mkunga haongezi dozi kabla ya kuhakikisha mambo matatu: anapumua vizuri, goti linaitikia likigongwa, na ametoa mkojo wa kutosha, angalau mililita 30 kwa saa. Mkunga huyo analipwa mshahara uleule, ana msongamano uleule, na anapima. Anapima kwa sababu kipimo kimefungwa na uamuzi: mkojo usipotosha, sindano haichomwi. Hiyo ndiyo siri ya kipimo chochote kinachookoa maisha, kiwe cha mamilioni au cha jagi lenye alama za mililita. Ukikifunga na uamuzi watu watakipima; ukikiacha kining'inie peke yake wataandika "amekojoa".

Hata kwa anayetaka kubashiri nani atazidiwa, ipo njia isiyohitaji zabuni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, wagonjwa 77 waliokuwa katika hatua za mwanzo za jeraha, miligramu moja hadi moja na nusu kwa kilo, wakapima mkojo. Waliotoa chini ya mililita 200 ndani ya saa mbili ndio walioelekea kuzidiwa, na utabiri huo ulikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 80, kwa waliozidiwa na kwa wasiozidiwa. Miaka miwili baadaye jaribio hilo lilipolinganishwa na bayomaka katika wagonjwa haohao, halikuachwa nyuma. Bila shaka halimfai mgonjwa aliyekaukiwa maji, na linahitaji daktari kando ya kitanda. Lakini furosemaidi iko katika kila kabati la dawa.

Tukumbuke pia Gambia, mwaka 2022. Watoto wapatao 70 walikufa baada ya kunywa dawa za maji za kikohozi kutoka India zilizochanganyika na sumu za dietilini glaikoli na etilini glaikoli. Wazazi waliona kwamba mtoto amekoma kukojoa, na madaktari waliojali kuhesabu wagonjwa wa aina hiyo ndio waliopiga kengele. Kilichokosekana pale ni ukaguzi wa dawa zinazoingia nchini. Hakuna bayomaka inayokagua shehena bandarini.

Watu wa nia njema wataniuliza: je, unataka masikini wabaki na tiba ya kimasikini? Swali hilo linanichoma, na ndilo linalonifanya niwe mkali. Mwaka 2013 Chama cha Kimataifa cha Magonjwa ya Figo kilitangaza lengo kwamba ifikapo 2025 asife mtu kwa kukosa tiba ya jeraha la ghafla la figo. Halikutimia, na sababu si ukosefu wa NGAL. Wagonjwa wanafika ikiwa imejulikana kabisa kwamba figo zimesimama, na dayalisisi hakuna au hailipiki. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imeonyesha tangu mwaka 2009 kwamba dayalisisi ya tumboni, kwa mpira laini na maji maalumu, bila mashine, inaweza kumvusha mgonjwa hadi figo zake zizinduke zenyewe. Hiyo si tiba ya kimasikini. Kila fungu la bayomaka litakalonunuliwa kabla ya huduma kama hiyo kufika hospitali za mikoa na kaunti ni njia ya kumwambia mgonjwa mapema zaidi kwamba hatuna cha kumpa. Na Wakenya hawahitaji kuhubiriwa juu ya vifaa vinavyotangulia watu na miundombinu: mpango wa vifaa vya kukodi kwa kaunti, ulioanza mwaka 2015, uliishia katika uchunguzi wa Seneti, baadhi ya mashine zikiwa zimelala bila kazi.

Sisemi bayomaka zifungiwe mpakani. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inafanya upasuaji wa moyo wa watoto; pale saa ya jeraha inajulikana, timu ipo na itifaki inawezekana, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha NGAL kwa watoto mwaka 2023. Watafiti wa Uganda wanaozipima kwa watoto wenye malaria kali wanatufundisha jinsi ugonjwa unavyoziumiza figo, na maarifa hayo yanaweza siku moja kuzaa dawa. Utafiti uendelee. Ninachopinga ni kuuziwa matunda ya utafiti kabla hayajaiva, tena kwa fedha ambazo zingenunua vitendanishi vya kreatinini kwa mwaka mzima.

Kwa hiyo yeyote atakayeleta bayomaka wodini aje na jibu la swali moja, na ajibu mbele ya muuguzi wa zamu ya usiku: kipimo kikisoma juu saa nane usiku, nani atafanya nini ambacho leo hafanyi, na kwa kifaa gani kilichopo kabatini? Akiwa na jibu, tukae tuzungumze bei. Asipokuwa nalo, atuachie fedha tununue majagi, mizani na vitendanishi, tuandike kwenye kila fomu kwamba mkojo chini ya nusu mililita kwa kilo kwa saa sita maana yake daktari anaitwa, dawa zenye sumu zinasitishwa na kreatinini inarudiwa. Kisha tuhesabu vifo, tuone kama ni kreatinini iliyokuwa inachelewa.